SOMO: Mbuzi na minyoo ya masika (soma kabla hujauliza)

Assalam aleikum. Kila masika, huku Pemba, napigiwa simu ile ile: "Mbuzi kakonda ghafla." Naandika mara moja.

1. Banda liinuliwe. Fito ziachane upana wa kidole, mavi yaanguke, kwato zisizame.

2. Maji safi na chumvi kila siku.

3. Usimtoe mpaka umande ukauke. Vijiminyoo hupanda majani mabichi. Kamba uihamishe kila siku.

4. Macho. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na jike mwenye mimba, akavimba chini ya taya, kimfuko laini kama kimejaa maji. Nikadhani kaumwa na nyuki, nikamwacha. Siku ya tatu nikamfunua kope la chini: ndani kweupe kama karatasi. Alasiri akafa na mimba yake. Minyoo ilimmaliza damu. Sasa kila Ijumaa asubuhi nawafunua kope wote, juani. Kwekundu, mwache. Kumepauka, mpe dawa. Kweupe, dawa siku hiyo hiyo na bwana mifugo aitwe. Usikisie kipimo, pungufu huwazoesha minyoo. Na albendazoli (dawa ya minyoo) USIMPE jike mwenye mimba changa!

MASUALI

— Wangu hali vizuri. Dawa gani?

Umesoma namba 4? Katazame jicho kwanza.

— Mimi nawapa wote kila mwezi, sijafiwa.

Endelea hivyo, na minyoo itaizoea dawa. Nimeshaona kwa jirani: chupa nzima, mbuzi wanakufa vilevile.

— Kaka, mbona wengine hawaugui na wote wanakula konde moja?

Suali zuri, dada yangu. Mbuzi wachache ndio hubeba minyoo mingi. Mwandike kila unayempa dawa. Akirudi mara tatu masika moja, usizalishe kwake. Nina jike mmoja hajanywa dawa masika mbili. Juzi kazaa pacha usiku wa mvua, nimeshika taa. Sijamaliza kuwafuta pua, mmoja keshasimama anatafuta chuchu. Usingizi wote ulinitoka kwa furaha.

— Mimi mvua zikikaza huwatundikia majani ya mfenesi bandani.

Ahsante, hilo nimelisahau. Majani ya juu ya mti hayana vijiminyoo. Yafunge usawa wa pua, wasiyakanyage.

— Na maganda ya muhogo?

Yaanike yakauke kabisa kwanza. Mabichi ya muhogo mchungu yana sumu.