Kasha la Pampu Likipasuka: Kagua Kwanza Kama Limevunjika au Limeliwa

Kiangazi kikikaza, bustani za mboga za Kigamboni na Mbweni, Dar es Salaam, hutegemea pampu tangu alfajiri, na kasha, yaani gamba la nje la pampu, likipasuka mkulima hulikimbiza mtaa wa Gerezani kwa fundi wa kuchomelea. Haraka hiyo inaeleweka, maana mchicha haungoji. Lakini kabla hujatoa hela, chukua kisu ukwangue sehemu ya ndani, karibu na ufa.

Makasha mengi ya pampu ni ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Kina kaboni asilimia 2 hadi 4, wakati chuma cha mabomba na fremu kwa kawaida hakifiki hata asilimia 0.3. Sehemu kubwa ya kaboni hiyo hukaa ndani kama chembe za grafaiti, ile nyeusi ya penseli. Ndiyo maana kikigongwa hakipindi, kinapasuka.

Visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina chumvi. Maji hayo hula chuma na kuiacha grafaiti pale pale, kwa hiyo kasha linabaki na umbo lake na hata unene wake, lakini nguvu imeshaondoka. Kisu kikizama na kutoa unga mweusi, usichomelee. Hakuna fundi, hata awe hodari vipi, anayeweza kushikiza kazi yake kwenye chuma kilichobaki masizi. Nunua kasha jingine.

Kisu kikikwaruza chuma kigumu king'aavu, hapo tengeneza. Kama huna hakika ni chuma gani, fundi aguse kwa grenda: chuma cha kusubu hutoa cheche fupi nyekundu zilizofifia, cha kawaida hutoa ndefu nyeupe.

Simama karibu uangalie kazi. Kila ncha ya ufa itobolewe tundu dogo, la milimita 3 hivi, ili ufa usiendelee kutembea. Ufa uchimbwe kwa umbo la V, na mafuta na kutu viondolewe kabisa. Rodi ziwe za nikeli. Ni ghali, najua, na hapa ndipo wengi hubana matumizi. Rodi za kawaida huacha mshono mgumu unaopasuka tena pembeni yake. Fundi achome kipande cha sentimita 2 au 3, akigongegonge kwa nyundo kingali cha moto, asubiri kipoe hadi kiguswe kwa mkono, ndipo aendelee. Akitaka kulipasha moto kasha zima kwanza, ni sawa pia, ila baadaye alifukie kwenye majivu au mchanga mkavu lipoe polepole hadi kesho yake. Asimwagie maji kamwe. Njia nyingine ni kuunga kwa shaba na gesi, ambayo haihitaji kukiyeyusha chuma chenyewe.

Gurudumu zito la mashine ya kukatia majani lisichomelewe kabisa. Likiachia likiwa kwenye kasi, linaua.

Sasa kutu. Chuma huota kutu kikikutana na maji pamoja na hewa, na chumvi huongeza kasi. Upepo wa bahari peke yake unatosha kuharibu jembe la trekta lililoachwa nje. Mbolea ya SA au CAN ikibaki kwenye mashine ni chumvi vilevile, tena huvuta unyevu. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, paka grisi, hasa kabla ya masika.

Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, moja huliwa ili nyingine ipone. Mshono wa nikeli au shaba hubaki mzima, na chuma kinachoupakana ndicho kinacholiwa. Kwa hiyo paka rangi ya epoksi juu ya vyote viwili, mshono na chuma. Ukipaka chuma peke yake, mkwaruzo mmoja mdogo utaliwa kwa kasi kuliko kama usingepaka kitu. Kisha, kila unapofungua pampu kubadilisha sili, pitisha tena kisu ndani.