Namna ya kulinganisha sekondari za serikali za wilaya yako kabla hujaomba uhamisho wa mtoto

Kila mkeka wa kidato cha nne, yaani orodha ya matokeo, unapotoka, makundi ya wazazi kwenye simu hujaa orodha zilizopangwa na mtu asiyejulikana: shule fulani ya kwanza, fulani inashika mkia. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, limeacha kutangaza shule bora tangu matokeo ya mwaka 2022, yaliyotoka Januari 2023. Hata hivyo matokeo ya kila shule yako wazi kwenye tovuti ya NECTA. Mzazi au mjumbe wa bodi anaweza kuyasoma mwenyewe, na mimi huwaelekeza wazazi wa shule za kata hivi.

Hatua ya 1: Pata orodha ya shule na namba zake

Tovuti ya NECTA hupanga shule za nchi nzima kwa alfabeti, haizitengi kwa wilaya. Kwa hiyo anza na Afisa Elimu Kata, akutajie sekondari za serikali mnazozifikia. Andika jina na namba ya kituo, ile inayoanza na herufi S. Majina ya shule hufanana sana, namba haifanani. Namba inayoanza na P ni ya watahiniwa wa kujitegemea. Iache, hata kama inabeba jina la shule yenu.

Zitoe pia shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha au Msalato, kama ipo moja jirani yenu. Hizo huchukua waliofanya vizuri zaidi darasa la saba nchi nzima. Kuiweka shule ya kata kando yake ni kuwaonea walimu wake.

Hatua ya 2: Soma jedwali la madaraja, usianze na GPA (wastani wa pointi wa shule)

Ukifungua ukurasa wa shule, utaona jedwali dogo: safu za I, II, III, IV na 0, na mistari ya F kwa wasichana, M kwa wavulana, T kwa jumla. Daraja hutokana na jumla ya pointi za masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi: la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na ziro ni 34 na 35. Jumlisha la kwanza hadi la tatu, maana huko ndiko njia ya kidato cha tano inakopita. "Ufaulu wa asilimia 90" unaosomwa kwenye mikutano huhesabu na daraja la nne, ambalo mtoto hulipata hata kwa D mbili tu.

GPA iliyo chini ya ukurasa husomwa kinyume na wengi wanavyodhani: A ina pointi 1 na F ina pointi 5, hivyo ndogo ndiyo nzuri.

Hatua ya 3: Tafuta walioishia njiani

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Fungua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya darasa hilohilo, miaka miwili nyuma. Waliofanya kidato cha nne 2024 walifanya upimaji 2022. Sasa linganisha idadi.

Chukua mfano wa kubuni. Shule A ilikuwa na watoto 150 kidato cha pili. Kidato cha nne wakafanya mtihani 96, na 24 wakapata daraja la kwanza hadi la tatu. Hiyo ni asilimia 25. Shule B ilikuwa na 140, wakafanya 130, wakapata 28: asilimia 21.5. Kwa mkeka, A iko juu. Gawanya kwa watoto wa kidato cha pili: A inashuka hadi asilimia 16, B inabaki na 20. Shule B imewafikisha watoto wengi zaidi.

Wapo waliohama na waliokariri darasa, kwa hiyo pengo dogo lisikutishe. Pengo kubwa linalojirudia kila mwaka liulizie. Rudia hesabu kwa mstari wa F, wa wasichana, peke yake. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Shule ambayo wasichana wake wanapungua kwa kasi kuliko wavulana inapaswa kueleza inawapokeaje.

Hatua ya 4: Angalia somo kwa somo

Teremka hadi jedwali la masomo. Hisabati ni 041, Fizikia 031, Kemia 032, Biolojia 033. Kabla ya ufaulu, tazama safu ya SAT, yaani waliofanya. Fizikia ikiwa na watahiniwa 6 kati ya 100, wote wakafaulu, hilo si jambo la kusifia: watoto 94 waliiacha, mara nyingi kwa kukosa mwalimu au maabara. Mwanao akiota udaktari, mstari huu una uzito kuliko GPA ya shule nzima.

Hatua ya 5: Chukua miaka mitatu

Shule yenye watahiniwa 40 hupanda na kushuka kwa watoto wanne tu. Mwaka mmoja hautoshi.

Hatua ya 6: Nenda shuleni, siku ya masomo

Muulize mwalimu wa taaluma walimu wa Hisabati ni wangapi, na wangapi kati yao wanajitolea. Omba kuiona maabara ikitumika, maana jengo linaweza kuwa limefungwa. Uliza chakula cha mchana hupikwa siku ngapi kwa wiki na mchango wake ni kiasi gani; ada ilifutwa 2016, lakini mtoto anayeshinda njaa hasomi. Njia ya kwenda shule itembee kwa miguu, ikiwezekana wakati wa masika, ujue mto upi hufunga njia. Kama kuna hosteli, muone matroni na uulize nani hulala na watoto usiku.

Ukishaamua, barua ya uhamisho ianzie kwa mkuu wa shule anayotoka mtoto. Kabla ya kuipeleka, hakikisha shule anayokwenda ina nafasi, na kwamba masomo anayosoma yanafundishwa huko.