Somo: Kuosha mchanga wa dhahabu mtoni pamoja na watoto

Kazi hii yote inategemea uzito. Dhahabu ina uzito wa takriban mara 19 ya maji ya ujazo uleule, wakati mchanga wa kawaida haufiki hata mara 3. Ukiutikisa ndani ya maji, dhahabu haina budi kuzama. Watoto wakilielewa hilo kabla ya kutoka nyumbani, hawatakuwa na haraka ya kumwaga.

1. Ombeni ruhusa kwanza. Mto una wenyewe, na madini yana sheria zake.

2. Bebeni karai la plastiki lenye matuta upande mmoja (la mtoto liwe dogo, maana likijaa maji na mchanga linachosha mikono), chekeche, sepeto, sumaku, kichupa chenye kifuniko na beseni pana. Beseni ndilo muhimu kwangu: watoto waoshee humo, nchi kavu, mkubwa ndiye aingie mtoni kuchota. Maji yasimpite magoti.

3. Tafuteni mahali ambapo maji yanapunguza kasi: upande wa ndani wa kona ya mto, nyuma ya jiwe kubwa, au kwenye nyufa za mwamba. Chimbeni hadi chini, kwani dhahabu haikai juu juu. Msichimbe ukingo wala mizizi ya miti. Ukingo unaweza kuporomoka.

4. Chekecheni kokoto zitoke, kisha jazeni karai nusu. Lizamisheni, vunjeni mabonge ya udongo kwa vidole mpaka maji yasiwe na tope.

Sasa tikiseni. Kushoto, kulia, kwa nguvu, karai likiwa limelala sawa chini ya maji. Hesabuni hadi thelathini. Baada ya hapo liinamisheni mbele, matuta yakiwa upande wa chini, mwache maji yachukue tabaka la juu tu. Rudisheni, tikiseni tena. Wengi wanakosea hapa: wanamwaga mara tatu kwa kila mtikiso mmoja, na dhahabu inaondoka na mchanga. Tikisa sana, mwaga kidogo.

5. Mkibaki na kijiko kimoja cha mchanga mweusi, punguzeni mwendo. Wekeni maji kidogo, yazungusheni polepole. Mchanga unasogea, na nyuma yake kinabaki kimstari cha njano. Binti yangu alipokiona mara ya kwanza alishika pumzi kabisa, akiogopa kukipeperusha.

Mkimaliza, fukieni mashimo yote.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Tumepata vipande vinavyong'aa sana. Tutajuaje kama ni dhahabu?

Marahaba. Vitieni kivuli kwa mkono. Dhahabu hubaki na rangi yake ileile kivulini. Pairaiti na maika, madini mengine yanayong'aa kama dhahabu, humetameta juani tu. Kisha bonyezeni kwa ncha ya sindano: dhahabu ni laini, inabonyea. Pairaiti inavunjika.

Vichenga vyetu vinaelea juu ya maji. Si umesema dhahabu inazama?

Inazama, ila chenga nyembamba mno hushikiliwa na utando wa juu wa maji, hasa vidole vikiwa na mafuta. Tia tone moja la sabuni ya vyombo ndani ya beseni, si mtoni.

Sumaku ni ya nini?

Sehemu kubwa ya mchanga mweusi huwa ni magnetaiti, madini yenye chuma, nayo hushikwa na sumaku. Subirini mchanga ukauke, fungeni sumaku ndani ya mfuko wa plastiki, ipitisheni juu yake. Ukiutoa mfuko, mchanga wote unadondoka.

Mjomba wangu anasema zebaki ingekusanya chenga zote mara moja. Tuijaribu?

Hapana, ndugu yangu, nakusihi. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, na unaharibu ubongo, hasa wa mtoto. Ikiingia mtoni inafika kwenye samaki. Tumia kibomba cha plastiki cha kunyonyea: kinachukua chenga moja moja na kuziweka kichupani. Mpe mtoto akishike yeye.