Jinsi ya kuitazama One Foot in the Grave ukaielewa

Wengi huikosea mwanzoni komedi hii ya televisheni ya Uingereza. Wanakutana na vipande vya dakika mbili mtandaoni, Victor Meldrew akifoka "I don't believe it!", wanadhani ni vichekesho vya mzee mkorofi basi. Kumbe ni habari ya ndoa ambayo ghafla imepewa saa nyingi mno za kukaa pamoja. Kwa hiyo Victor anapofoka, wewe mwangalie mkewe, Margaret, anayechezwa na Annette Crosbie. Uso wake ndio unaokwambia kama hapo ni pa kucheka.

Anza na sehemu ya kwanza kabisa, Alive and Buried, iliyorushwa na BBC Januari 1990. Victor, mlinzi mwenye miaka 60, anapoteza kazi na nafasi yake inachukuliwa na mashine. Usipoiona hiyo, hasira zake zote za baadaye zitakosa chanzo.

Kisha ruka hadi Timeless Time, msimu wa 2: nusu saa nzima usiku, wawili hao kitandani, usingizi umegoma. Tega sikio kwa jina Stuart. Linapita haraka, na mwandishi David Renwick halifafanui, lakini linadokeza mtoto waliyempoteza. Ndiyo sababu uwashe maandishi ya chini ya skrini hata kama Kiingereza unakimudu: Richard Wilson, anayemcheza Victor, akikasirika huongeza kasi, na vicheko vya watazamaji wa studio hufunika miisho ya sentensi.

Ya tatu iwe The Trial, msimu wa 4. Victor yuko peke yake nyumbani akisubiri kuitwa mahakamani kuwa mmoja wa wazee wa baraza (jury). Aliagiza mmea uwekwe chooni. Akaenda kuukuta umepandwa ndani ya sinki lenyewe la choo. Mzaha huo unaingia Kiswahili bila msaada, maana na sisi "choo" ni chumba na ni sinki. Angalia pia jinsi malalamiko yake yanavyozunguka yakimrudia mwenyewe, kwa kuwa wa kuyapokea hayupo.

Sasa rudi nyuma utazame misimu yote 6 kwa mpangilio, sehemu mbili kwa jioni, si zaidi. Ukizidisha, kelele za Victor zitakuchosha. Simu iweke mbali. Renwick hupitisha kitu kidogo mwanzoni, kifurushi au simu iliyokosewa namba, halafu hukirudisha dakika za mwisho kikiwa balaa. Ukikosa dakika 5 za kwanza, mwisho hautakuchekesha, utakushangaza tu. Andika kwenye karatasi kila kitu kigeni kinachoingia nyumbani kwao.

Things Aren't Simple Any More, ya Novemba 2000, ndiyo ya kufungia. Usisome muhtasari wake popote, na usipange kutazama kingine usiku huo. Mfuate Margaret hadi majina ya mwisho yapite.