Namna ya Kupokea Kipigo cha Timu Yako Katika Mtoano wa Hoki ya Barafuni

Katika hatua ya mtoano ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, hakuna kupigiana penalti. Sare ikidumu baada ya vipindi vitatu, timu huongezewa vipindi vya dakika 20 kimoja baada ya kingine, na bao la kwanza humaliza mchezo papo hapo. Ndiyo maana kufungwa nyumbani huuma kwa namna yake: ukumbi mzima umesimama ukiimba, mara kimya kinatanda, na zinazosikika ni kelele za wageni wachache wanaokumbatiana kwenye kona.

Usiondoke hapo hapo. Ikiwa mchezo huo ndio uliohitimisha mfululizo wa michezo kati ya timu hizo mbili, subiri wachezaji wajipange mistari miwili na kupeana mikono. Watu waliobanana ukutani na kupigana vikumbo kwa siku nyingi sasa wamevua glavu, wanainamiana na kunong’onezana maneno mawili matatu. Mtazame kipa wenu katika mstari huo. Naamini hakuna kinachopoza hasira ya shabiki kama kumwona aliyeumia kuliko yeye akimpa mshindi mkono.

Ikiwa mfululizo bado unaendelea, piga hesabu kabla ya kukata tamaa. Michezo haizidi saba na anayetangulia kushinda minne ndiye anayesonga mbele, kwa hiyo mchezo mmoja uliopotea nyumbani, hata miwili, ni deni linaloweza kulipwa ugenini. Toronto Maple Leafs walikuwa nyuma kwa michezo mitatu kwa bila dhidi ya Detroit katika fainali ya 1942, wakaishia kuwa mabingwa. Los Angeles Kings walipindua matokeo ya aina hiyo hiyo dhidi ya San Jose mwaka 2014, kisha wakatwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL. Ni nadra, lakini yametokea.

Kesho yake, moyo ukiwa umetulia, litazame upya bao lililowaangusha, na hili ndilo ninalokusihi zaidi. Usianze na kipa. Rudisha picha nyuma hadi pale timu yenu ilipopoteza kisahani, kile kinachochezewa badala ya mpira, kisha uwatazame walinzi: je, ni wale wale waliokuwa barafuni tangu dakika nzima iliyopita? Mchezaji wa hoki hutakiwa kutoka kupumzika baada ya chini ya dakika moja hivi. Katika kipindi cha pili timu hubadilishana pande, hivyo benchi huwa mbali na lango lao wenyewe, na walinzi waliochoka wakizingirwa huko hawana njia ya kutoka. Mara nyingi utagundua kwamba bao lilianza kwa pasi ya haraka iliyokatwa katikati ya uwanja, na kwamba kipa aliyelaumiwa usiku kucha alikuwa amezibwa macho na miili minne na hakukiona kisahani kikitoka kwenye gongo. Ukishaliona hilo, hasira hupungua na masikitiko hubaki, nayo masikitiko ni haki yako.

Hadi hapo, simu iweke mbali na usimwandikie mchezaji yeyote neno. Ukiwa mtaani na umati, elekea nyumbani. Tarehe 15 Juni 2011, Vancouver Canucks walipofungwa nyumbani na Boston katika mchezo wa saba wa fainali, magari yalichomwa moto na maduka yakavunjwa katikati ya jiji. Asubuhi yake wakazi walikuja na mifagio kusafisha, na wengi wakaandika maneno ya kuomba radhi kwenye mbao zilizozibia madirisha. Hao walikuwa mashabiki pia, wenye uchungu ule ule.

Kuhusu kumfukuza kocha, ngoja. Tampa Bay Lightning walishinda michezo 62 katika msimu wa 2018–19, kisha wakatolewa raundi ya kwanza na Columbus bila kushinda hata mchezo mmoja. Uongozi ulimbakiza kocha Jon Cooper pamoja na nyota wake wakuu, na kombe likaja 2020, likaja tena 2021. Jezi yako, basi, ifue na uikunje vizuri. Msimu mpya kwa kawaida huanza Oktoba.