SOMO: Kurudisha pori kwenye shamba la ufuta lililochoka (miche usinunue kwanza)

Kila ufuta ukishauzwa, jumbe zinaanza: "Mkuu, miche ya mninga napata wapi?" Jibu fupi: visiki vya pori la zamani vinachipua vyenyewe, miche ni ya pasipo na kisiki. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

Hili ni la pori la miyombo (miti ya pori inayochipua kwenye visiki) mkoani Lindi: Nachingwea, Liwale, Ruangwa, Kilwa ya ndani. Kama visiki viling'olewa zamani kupisha mikorosho, kama huko Newala na Tandahimba, ruka hadi namba 5.

1. Pitisheni eneo litakalofungwa lirudi pori kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe.

2. Pigeni rangi kwenye miti ya mpakani.

3. Kagueni visiki. Miti usihesabu, hesabu visiki vinavyochipua. Vingi viko hai.

4. Chagueni machipukizi. Hapa ndipo vikundi vinapoharibu. Kisiki cha myombo kinatoa fimbo hata kumi. Ukiziacha zote zinagombania maji na kubaki kichaka. Ukibakiza moja, mbuzi akiivunja umeanza upya. Acha tatu hadi tano: nene, zilizonyooka, zilizotokea chini karibu na udongo. Ile iliyoota juu kabisa ya kisiki ikinenepa hubanduka. Matawi ya chini yapunguze, ila usivuke nusu ya urefu wa chipukizi. Panga liwe kali, kata kutoka chini kwenda juu, gome lisichanike. Mwakani rudi upunguze tena. Fito na kuni zinazotoka mwenye eneo achukue, maana asiyepata kitu halindi.

ONYO: Mche wa mninga hukauka juu kila kiangazi, miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi ukinenepa chini. Ukiona kijiti kikavu usiking'oe.
ONYO LA PILI: Mpingo huchipua pia kwenye mizizi, mbali na kisiki. Chomeka vigingi pale, watu wasilime juu yake.

5. Pasipo na kisiki ndipo upande, mvua za Desemba zikishika. Mkongo (mti wa mbao) huota kirahisi kwa mbegu.

6. Moto. Barabara ya moto (ukanda usio na nyasi wa kuzuia moto) isafishwe mwezi wa sita, nyasi zikiwa na unyevu bado. Moto wa Septemba na Oktoba unababua machipukizi yote hadi chini.

MASWALI

Pori_kwa_Pori: Mkuu, shukrani. Sasa miche ya mninga bei gani?
— Soma kichwa cha somo.

Mkulima wa Nanganga: Tumefuata kila kitu, vimekauka vyote. Somo halifanyi kazi huku kwetu.
— Moto ulipita lini?
Mkulima wa Nanganga: Septemba, tulikuwa tunasafisha shamba la pili.
— Namba 6, mjomba. Mimi sikuwasha.

Binti Ruangwa: Shikamoo mwalimu. Kwa nini ufuta usilimwe katikati ya machipukizi, tupate vyote?
— Marahaba binti, swali zuri. Ufuta unataka jua tupu, kwa hiyo mwenye ufuta atakata kila kinachotia kivuli. Misimu michache rutuba inashuka, magugu yanazidi, anahamia pori jipya. Hapo ndipo pori letu linapokwisha. Acheni ufuta shamba la zamani, mbadilishane na mbaazi: inarudisha naitrojeni (chakula cha mmea) kwenye udongo, majani yake yanaoza palepale, na mashina makavu ni kuni. Shamba la zamani likizaa, pori halina wa kulifyeka.

Mama Mikongo: Mbegu ya mkongo, ile kofia nyekundu tunaitoa au tunapanda nayo?
— Itoe, mama, kisha loweka mbegu usiku mmoja. Na okota mapema, panya wanaipenda.

Fundi Mizinga: Wakuu, eneo likishafungwa tundikeni mizinga. Penye nyuki mchoma mkaa hakai. Ndani pakaeni nta, kundi linaingia haraka.
— Kweli kabisa, fundi. Mnawaepushaje na dawa ya mikorosho?
Fundi Mizinga: Salfa, ile dawa ya ukungu, haijanisumbua sana. Tatizo ni dawa ya wadudu, mikorosho ikiwa na maua. Tunaambiana na wenye mikorosho siku moja kabla, wao wanapulizia jua likizama, nyuki wameshaingia.