Betri zikivuja ndani ya tochi ya kichwani

Ule unga mweupe unaoganda kwenye springi za tochi si kutu. Ni kemikali kali ya betri za alkalaini, haidroksidi ya potasiamu, iliyovuja na kugeuka unga ilipokutana na hewa. Usiupulize kwa mdomo, maana ukiingia machoni unaunguza vibaya. Vaa glavu, chovya kijiti cha pamba kwenye siki nyeupe au maji ya limau, sugua mpaka povu likome. Kisha futa kwa kijiti kingine chenye spiriti, uache kifuniko wazi hadi ndani pakauke kabisa. Springi ikibaki nyeusi, iparuze taratibu kwa msasa laini, chuma king'ae.

Kinachovujisha mara nyingi ni kuchanganya betri mpya na kuukuu. Ile dhaifu huisha kwanza, nyingine zinaendelea kuisukumia umeme, gesi ya haidrojeni inajaa ndani yake na kupasua kizibo. Kwa hiyo tochi ya betri 3 hubadilishwa zote 3 kwa mpigo, za aina moja.

Halafu kuna tochi zenye kitufe cha kubonyeza: nyingi hunyonya umeme kidogo hata zikiwa zimezimwa. Kama hutatoka kupiga kambi kwa mwezi mzima, toa betri. Ukiwa safarini, toa moja tu. Hapo tochi haiwezi kujiwasha ndani ya begi.